Tarumbeta ya Tatu

Katika nyumba ya Mwalimu Benedicto, Kilwa Masoko, soketi ya kuaminika ilikuwa moja tu. Nyingine zote zilikuwa zimeliwa na hewa ya chumvi, zikawa zinatoa umeme kwa hisani: leo ndiyo, kesho tutaona. Soketi hiyo moja ilikuwa sebuleni. Mbele yake palikuwa na meza ya mninga, na juu ya meza ilikaa kompyuta kuukuu yenye rangi ya jino la mvuta sigara.

Stella, mkewe, aliitaka meza hiyo. Alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, bado imo kwenye boksi chumbani, na mayai alikwisha kuyaagiza Kiranjeranje kwa mama mmoja mwenye majogoo wasio na mzaha. Mayai ya kutotolesha si mahindi, huyaweki ghalani yakakungoja. Yakikaa sana yanakufa kimyakimya, na wewe huna habari mpaka umeyapasha joto wiki tatu bure.

"Baba Salome," alisema Stella jioni moja, akiwa amesimama kati ya mumewe na monita, "kipaimara cha mwanao ni Jumapili ijayo. Rafiki yako Dionis na mkewe wanafika Jumamosi, na mayai wanayapitia njiani. Hiyo kompyuta ikiwa imepata hiyo sauti unayoitafuta kabla ya chakula cha Jumamosi, itabaki hapo na mimi nitajua pa kwenda na mashine yangu. Isipopata, utainyanyua mwenyewe. Na sitaki kusikia habari za mgongo."

"Masharti yana mantiki," alijibu Mwalimu. Alifundisha fizikia, na alisifu mantiki kama watu wengine wanavyosifu mchuzi.

"Sikuuliza kama yana mantiki. Nauliza kama umesikia."

"Nimesikia."

Kompyuta yenyewe aliipata Kilwa Kivinje, katika ofisi ya mradi wa kuhifadhi mikoko uliofungwa siku wafadhili walipohamishia mapenzi yao kwenye matumbawe. Aliikuta chini ya rundo la mabango ya warsha. Akaitambua papo hapo: ilikuwa ya aina ileile aliyoitumia alipokuwa kidato cha tatu, katika shule ya misheni kule uwanda wa Makonde. Aliomba, akapewa, akaisafisha kwa mswaki. Alibadilisha betri, akatafuta diski za zamani, na hatimaye akaupata na ule mchezo wa kulinda boma dhidi ya wavamizi, ambao wanafunzi wa wakati wake waliuita Ngome. Tangu mwezi wa pili Ngome ilikuwa ikichezeka mwanzo hadi mwisho, kimya kabisa. Kulikuwa na kispika kidogo ndani ya kasha, kama kifuniko cha kopo la rangi ya viatu, lakini hicho alikichomoa waya siku ya kwanza. Alisema kinapiga kelele zisizo na taarifa.

Kilichokosekana ni kadi ya sauti. Na hapo ndipo Mwalimu alipokwama, kwa kuwa nafasi nzima ya kuchomekea kadi ilibaki moja. Ya pili meno yake yalikuwa yamegeuka kijani kama shaba iliyozikwa. Nafasi moja, kadi moja, uamuzi mmoja. Kwamba kadi huchomolewa na kurudishwa ni jambo ambalo Stella alilitaja mara moja, akaambiwa halihusiani.

Muda mrefu kabla ya masharti ya Stella alikuwa amekwenda Kivinje kwa Fundi Hussen, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza simu, redio na chochote chenye waya. Hussen alivuta droo, akatoa kadi ndefu yenye vumbi.

"Hii nimeitoa kwenye mashine ya chama cha ushirika kimoja huko Lindi. Ilikuwa inalia mpaka siku inazimwa."

"Ilikuwa inalia vipi?"

"Inalia, Mwalimu. Kadi ya sauti kazi yake kulia. Mtoto akizaliwa akalia, unamwuliza analia vipi?"

"Fundi, mimi sitafuti sauti yoyote tu. Natafuta sauti sahihi. Mchezo huu unapofunguka kuna tarumbeta tatu. Ya kwanza inauliza, ya pili inajibu, na ya tatu inaingia ikiwa imechelewa kidogo."

"Kama mtu aliyekuta sala ya kufungulia kikao imeshapita."

"Sawasawa. Kadi itakayotoa ile ya tatu kwa ucheleweshaji uleule, ndiyo kadi iliyokuwa kwenye kompyuta ya misheni. Zisizotoa, siyo. Hicho ndicho kigezo."

Hussen alimtazama kwa huruma. "Umesikia hizo tarumbeta mwaka gani?"

"Tisini na sita."

"Na unazikumbuka?"

"Sizikumbuki. Ninazo," alisema Mwalimu, akajipigapiga kwenye kipaji cha uso, kama mtu anayeonyesha ilipo stoo ya vifaa vya maabara.

"Nyinyi Wamakonde," alisema Hussen akifunga droo, "mkishachonga kitu kichwani, tindo la mtu mwingine haliingii."

Ile kadi ya ushirika iliigiza ala kwa hesabu. Ilikokotoa tarumbeta namna inavyopaswa kuwa, kisha ikaitoa ikiwa na kelele ya pumzi nyuma yake, na tarumbeta zenyewe zilikuwa kama mbu watatu walionaswa ndani ya chupa. Ya tatu iliingia kwa wakati. Mwalimu alisikiliza kutwa nzima, akasema hapana.

Kadi ya pili aliiagiza ng'ambo, kwa watu wanaozitengeneza upya kwa mapenzi ya mambo ya kale, ikafika kwa basi la Dar es Salaam. Hiyo haikuigiza, ilihifadhi sauti za tarumbeta za kweli zilizorekodiwa. Zilitoka safi, za fahari, kama za kumpokea mgeni wa taifa uwanja wa ndege. Ya tatu iliingia kwa wakati. Hapana.

Kadi ya mwisho aliiazima kwa mkusanyaji mmoja wa mashine za kale, Mtwara. Ilikuwa nzito, yenye mlio mzito pia, na tarumbeta zake zilifanana na kinanda cha kanisani siku ya maziko. Ya tatu, kwa utiifu unaokera, iliingia kwa wakati.

Mtu mwingine angeanza kuishuku kumbukumbu. Mwalimu Benedicto alizishuku kadi. Siku zote aliwaambia wanafunzi kwamba kipimo kikigongana na matokeo, unakagua matokeo upya. Na kwa kuwa kipimo kilikuwa kichwani mwake, hakuona jinsi ya kukikagua, na hilo alilichukulia kuwa dalili ya uimara wake.

Alhamisi alasiri, siku mbili kabla ya wageni kufika, aliamua kufanya jaribio la haki. Aliwaita majaji watatu: Hussen, Stella, na Bi Mwahija, jirani mtu mzima aliyekuwa akipita na kikapu cha ndimu akavutwa ndani. Kompyuta ilifunikwa khanga. Kila mara Mwalimu alizima, akachomoa kadi, akachomeka nyingine na kuwasha, huku majaji wamegeuzwa uso ukutani kama watoto walioadhibiwa. Kila jaji alitakiwa kunyoosha vidole: kumi ni sauti bora kabisa, ngumi ni sauti isiyofaa.

Kadi ya kwanza, Bi Mwahija alinyoosha vidole kumi. Ya pili, kumi. Ya tatu, kumi, na akaongeza "mashallah".

"Bi Mwahija," alisema Mwalimu kwa upole, "haiwezekani zote tatu ziwe sawa."

"Baba Salome, nimeingia kwenu, nimekalishwa kiti, nimepewa chai. Niseme chenu kibaya? Mimi nimezaliwa Kisiwani, sikuokotwa."

"Lakini hili ni jaribio la kisayansi."

"Basi na hiyo sayansi nimeipa kumi."

Stella alikuwa ametoa ngumi mara tatu mfululizo, bila kusubiri muziki uishe.

"Mama Salome, chuki haikubaliki kwenye utafiti."

"Sina chuki na kadi. Nina haja na meza."

Hussen peke yake ndiye aliyetofautisha: kumi kwa moja, viwili kwa zilizobaki. Mwalimu alifurahi kwa dakika chache, mpaka alipofunua khanga na kukuta kwamba ile ya kumi ni ya Hussen mwenyewe.

"Umejuaje kuwa ni yako?"

"Ile inapumua, Mwalimu. Nimelala nayo kibanda kimoja mwaka mzima, nisiijue inavyokoroma?"

Mwalimu alitangaza kwamba takwimu zimechafuliwa na adabu, ndoa na biashara, na kwamba tangu sasa atahukumu peke yake, kwa kuwa lake ndilo sikio pekee lisilo na upendeleo katika nyumba ile. Bi Mwahija alibeba ndimu zake akasema jambo lilikwenda vizuri sana.

Ijumaa yote alisikiliza. Alizungusha kadi zile tatu kama mpishi mwenye sufuria tatu na jiko moja. Stella alipita mara kwa mara akipima meza kwa kamba.

Jumamosi, jua lilipokuwa likipanda, gari dogo la Dionis liliegeshwa mlangoni. Dionis alikuwa mfanyabiashara wa korosho, mnene, mcheshi, aliyesoma darasa moja na Benedicto kule misheni. Mkewe Benadetha ndiye aliyekuwa msimamizi wa Salome katika kipaimara, na alishuka amepakata trei za mayai kama mtu aliyebeba sakramenti.

"Shemeji Stella," alisema Dionis, "tangu Kiranjeranje huyu mke wangu hajaniruhusu kupita shimo kwa mwendo unaozidi wa bibi harusi."

"Ahsante, shemeji. Mayai haya yameheshimiwa kuliko mimi," alijibu Stella, akayapokea na kuyaweka kwenye kiti, hatua moja kutoka mezani, mahali ambapo Mwalimu asingeweza kuacha kuyaona.

Hussen naye alikuwepo. Alisema amekuja kuchukua kadi yake kama haitakiwi, lakini harufu ya pilau ilikuwa imefika mpaka barabarani.

"Ben," alisema Dionis, akiegemea kiti cha mwenzake, "hii siyo ile mashine ya Bruda Andrea kule misheni?"

"Aina ileile."

"Na Ngome imo?"

"Imo. Sikiliza." Mwalimu alifungua mchezo kwa kadi ya ng'ambo. Tarumbeta zilipiga kwa fahari. "Umeona kasoro? Ya tatu. Inaingia kwa wakati. Ile ya misheni ilichelewa. Nimejaribu kadi tatu na hakuna inayochelewa. Nahitaji ya nne, na muda wangu ni mpaka chakula."

Tumbo la Dionis lilianza kutikisika kwa kicheko, halafu mabega, na hatimaye akalazimika kukaa.

"Ben. Kompyuta ya Bruda haikuwa na spika."

"Ilikuwa nazo."

"Ilikuwa na monita, kibodi, na kitambaa cha kufuma alichokileta sista kufunikia vumbi. Spika zilikuwa wapi? Nionyeshe hapo mezani, kushoto au kulia?"

Mwalimu alifumba macho. Alikiona kitambaa. Alikiona hata kilivyokuwa na maua ya samawati pembeni. Kushoto palikuwa na msalaba mdogo, kulia palikuwa na ukuta.

"Labda zilikuwa chini ya meza," alisema.

"Chini ya meza palikuwa na magoti yako. Za mchezo hukuzisikia kamwe, zile ulizonazo kichwani ni bendi ya parokia."

"Bendi ilifanya mazoezi uwanjani."

"Uwanjani mpaka mvua ilipoiozesha ngoma kubwa. Baada ya hapo Bruda alituingiza karakana ya useremala. Ukuta mmoja na chumba cha kompyuta, na ukuta wenyewe haukufika darini. Haya niambie, Ngome mlikuwa mnaruhusiwa kucheza lini?"

Jibu Mwalimu alikuwa nalo.

"Jumamosi baada ya usafi," alimjibia Dionis. "Na sisi mazoezi yetu yalikuwa lini? Jumamosi baada ya usafi. Maandamano ya kuingilia misani. Tarumbeta ya kwanza Eusebio, ya pili Tomaso mrefu, na ya tatu," alijigusa kifua, "ya tatu ni huyu. Nilichelewa kila siku. Sikuwa najua kusoma noti, nilikuwa nangoja nimsikie Tomaso ndipo niingie."

Hussen alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja.

"Wewe hukuwa mtu wa bendi," alisema Mwalimu taratibu. "Ulikuwa chumba cha kompyuta pamoja nami."

"Mpaka nilipomwaga uji kwenye kibodi. Umesahau? Bruda akasema mikono hii haifai kwa mashine, akanipa tarumbeta. Mwaka mzima nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nasikia mnavyocheza. Nilikuwa napuliza kwa hasira, Ben. Nilitaka niwaharibie."

"Hukutuharibia," alisema Mwalimu.

Alisimama. Alifungua kasha, akaichomoa kadi ya ng'ambo, akaiweka mezani pamoja na mbili nyingine, zikawa zimelala hapo kama samaki wa jana. Kisha akaingiza vidole ndani zaidi, akautafuta ule waya mwembamba wa kispika alichokinyamazisha mwezi wa pili, akaurudisha mahali pake. Akawasha.

Ngome ilifunguka. Hapakuwa na muziki wowote. Adui wa kwanza alipotokea, kile kispika kilitoa mlio mfupi, mkavu, kama kijiti kinachogongwa kwenye kopo, na mkono wa Mwalimu ulikwenda kwenye kitufe cha mshale kabla hajauamuru. Mlio, mshale. Milio miwili, mshale. Alicheza hatua nzima ya kwanza bila kutazama kibodi, na hakuna mvamizi hata mmoja aliyefika ukutani.

"Ni huu," alisema.

"Kwa hiyo haikukosa kitu," alisema Stella, ambaye alikuwa amesimama nyuma yao na mwiko.

"Haikukosa kitu. Ilikuwa kamili mwezi wa pili, mpaka nilipoichomoa waya."

Hussen aliona njia, akaifungua kwa ukarimu. "Basi umeshinda, Mwalimu. Masharti si yalisema ikipata sauti yake? Imepata. Tena kabla ya chakula. Meza ni yako, na mimi niko shahidi."

Stella aliushusha mwiko. Macho yake yalikwenda kwenye mayai, na Mwalimu aliyafuata yakienda.

Ilikuwa hoja nzuri. Mtu anayependa kompyuta yake angeikubali, na sebule nzima ilikuwa tayari kumwachia. Lakini Mwalimu Benedicto alikuwa na ugonjwa ambao haukumwacha hata pale ulipomgharimu.

"Masharti hayakusema sauti yake," alisema. "Yalisema sauti ninayoitafuta. Niliyoitafuta ni tarumbeta tatu, ya tatu ikiwa imechelewa. Za kuchelewa hivyo hazimo ndani ya mashine hii, hazijawahi kuwemo, na hakuna kadi duniani itakayozitoa. Imeshindwa."

"Mwalimu," alinong'ona Hussen, "nani amekuuliza?"

"Fundi, shika upande huo wa monita."

Walimaliza kuhamisha kabla pilau halijapakuliwa. Stella aliitoa mashine yake kwenye boksi, akaiweka juu ya mninga, akaichomeka kwenye soketi ya kuaminika. Taa nyekundu ikawaka. Alipanga mayai bila haraka, moja moja, kisha akapakua sahani, na ile ya mumewe aliijaza nyama kuliko za wageni, jambo ambalo Bi Mwahija, aliyekuwa amealikwa, aliliona na hakulisemea.

Kompyuta ilipata makazi mapya barazani, juu ya kreti mbili za soda, kwa waya mrefu uliotoka kwenye soketi ya chumbani, ile inayotoa umeme kwa hisani. Baada ya chakula soketi ilitoa hisani. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, Dionis akakaa pembeni yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, na Hussen akasimama nyuma akichokonoa meno, kadi yake ya ushirika ikiwa imechungulia kwenye mfuko wa shati.

"Fungua," alisema Dionis.

Mchezo ulifunguka kwa ukimya wake. Dionis alijaza mashavu, akapuliza kwa mdomo tarumbeta ya kwanza, akajibu kwa ya pili, na bila kupumzika akaingia na ya tatu. Kwenye kreti adui wa kwanza alichomoza, kispika kikagonga.

"Mwalimu," alisema Hussen, "hatimaye umechagua kadi. Na hii haitaki kuchomekwa, inataka pilau tu."

Mwalimu hakucheka. Alikuwa amesimamisha mchezo na kuinamisha kichwa, kama anavyofanya anaposikiliza mwanafunzi aliyekaribia jibu.

"Hapana," alisema. "Ya tatu umeiwahisha."

"Nimekua, Ben. Siku hizi nawahi."

"Rudia. Safari hii mngoje Tomaso."

Dionis alivuta pumzi. Ya kwanza ikauliza, ya pili ikajibu. Alingoja.

"Kidogo zaidi," alisema Mwalimu.